Salamu za Bibi Ikupa na Mfuniko wa Oili

Fundi Lazaro alifungua mfuniko wa oili, akaugeuza chali, akaulaza juu ya tundu lake. Injini ilikuwa inaunguruma.

"Bibi, tazama mwenyewe."

Mfuniko ukacheza, kata kata kata, ukaruka, ukaangukia vumbini. Tundu likafuka moshi kama sufuria ya maharage iliyosahauliwa jikoni.

"Ringi za pistoni zimekwisha," alisema Lazaro. "Joto la juu linapenya pembeni, linashuka tumboni mwa injini. Hii ni ya kubomoa yote."

Bibi Ikupa alikuwa na miaka sabini na miwili na lori moja, na siku hiyo aliona heri ipungue miaka kuliko lori. Lakini jana yake, mbele ya akina mama wafinyanzi wa Ikombe, alitamka kwa kinywa chake: fundi akisema ringi zimekwisha, nauza. Lori hilo ndilo lililokuwa likichukua vyungu vyao vikishushwa mitumbwini pale ufukweni Lyulilo. Bila hilo, vingebaki mchangani vikingoja mnunuzi mmoja mmoja.

Na Badru wa vyuma chakavu alishafika, na kamba ya kuvutia, na karatasi ya mauziano.

"Shikamoo bibi. Weka sahihi hapa, jua linapanda."

"Zima," Lazaro alimwambia dereva, Aliko.

"Usizime," alisema bibi. "Limenilisha miaka kumi na tisa. Liache liungurume nikiliaga." Akaokota mfuniko, akaufuta kwa khanga, akaurudisha chali tunduni. Kata kata kata. Kisha akamgeukia Badru kwa uso usiojua dhambi. "Marahaba, mwanangu. Mama Raudha hajambo?"

"Hajambo, bibi. Sahihi hapa chini."

"Na dada yako aliyeolewa Karonga? Mguu ulipona?"

"Ulipona."

"Ulikuwa mguu upi vile?"

"Wa kushoto, bibi. Sahihi."

Moyo wa bibi ulikuwa unacheza kuliko ule mfuniko. Hakuwa na mpango wowote; alitaka tu kalamu ichelewe. Akauliza mpunga, akauliza mbuzi, akauliza shemeji ambaye Badru mwenyewe alishamsahau. Lazaro akasema injini inaumia. Badru akamshika bibi mkono kwa adabu, akampachika kalamu vidoleni.

Salamu zikamwishia. Akaandika I. Akapumzika. Akaandika k.

Lori likatema upepo: pshiii.

Mfuniko ukanyamaza.

Bibi akainua kalamu. "Lazaro, mbona kimya?"

"Tenki za upepo wa breki zimejaa, bibi. Zikijaa huwa..." Lazaro akakatisha. Mfuniko ulikuwa umetulia tunduni kama mgeni msibani. Moshi nao ulikuwa uzi tu.

"Ringi zimepona?" aliuliza bibi.

Lazaro akamgeukia dereva. "Aliko, kanyaga breki. Achia. Kanyaga. Tena."

Mshale wa geji ya upepo ukashuka. Kompresa, pampu ya upepo wa breki, ikaanza kujaza tenki upya, na mfuniko ukaanza: kata kata kata. Wote wakasimama wakiutazama, hata Badru na kamba yake begani. Mshale ulipanda polepole, ungedhani unapanda milima ya Livingstone kwa miguu.

Pshiii. Kimya.

Lazaro akazima injini, akafungua bomba la kutolea upepo kwenye kompresa ili ipumue nje bila kusukuma chochote, akaagiza iwashwe tena. Mfuniko haukucheza hata kidogo.

"Ni kompresa ya breki," alisema kwa sauti ya chini. "Ringi zake ndizo zimekwisha, siyo za injini. Ikisukuma upepo kwenye tenki, mwingine unapenya pembeni, unaingia tumboni mwa injini. Tenki zikijaa, inapumzika. Mimi huwasha, nikatazama, nikazima. Sijawahi kungoja zijae."

"Hujawahi kusalimia mtu vizuri," alisema bibi.

Badru aliitazama karatasi yake. "Sasa hii, bibi? Umeshaandika Ik."

"Malizia Ikulu, ukawauzie wao."

Aliko alicheka mpaka akagonga honi. Badru naye akacheka, baadaye kidogo, akikunja kamba.

"Ndaga, mwanangu, asante," bibi alimwambia. "Nisalimie Karonga. Mguu wa kushoto, sitasahau."

Akaufunika mkono kwa khanga. Kalamu ya Badru ilikuwa humo humo, na alipoondoka hakuna aliyemkumbusha.