Hema Lililobonyea Mbavu

Jumatatu daktari aliweka chombo chake mgongoni kwa mama, akasikiliza upande huu na upande ule, kisha akaniangalia mimi badala ya mgonjwa.

"Kuna kitu anakivuta humo ndani mnamoishi," alisema. "Kitafuteni."

Dada yangu mkubwa hakungoja hata tutoke nje ya geti. "Jumamosi nakuja na gari. Kama bado anakohoa, anahamia kwangu, na usiniletee maneno, Kiherehere."

"Msinivutane kama shuka," mama alisema, akakohoa hadi akashika ukuta.

Mimi ni fundi wa majokofu na viyoyozi, mwaka wa kumi na saba huu. Kuniambia nyumba yangu ina hewa mbaya ni kama kumwambia mpishi chakula chake kina nywele. Nilinuna njia nzima. Na chini ya huo mnuno nilikuwa naogopa, kwa sababu mama akiondoka kwangu, sijui ningerudi nyumbani kufanya nini.

Sebuleni, karibu na kiti chake, kuna hema la kuoteshea uyoga: kitambaa kizito cheusi juu ya fremu ya vyuma, kimo cha kabati, na zipu ndefu mbele. Ndani mna rafu za mifuko ya pumba, na uyoga unachomoza ubavuni mwa mifuko. Nililifunga mwenyewe miezi mitatu iliyopita, miguu ya mama ilipogoma kwenda sokoni. Feni ya chini inaingiza hewa, ya juu inaitoa kwa bomba hadi nje ya dirisha. Uyoga ukikosa hewa safi unarefuka shingo na kofia zinadumaa, na mama anausema kama watoto wanaokataa kula. Kila asubuhi anaukata kwa kisu kidogo, na majirani wanakuja kuuchukua wakiwa wamemletea habari za mtaa. Nilishawahi kumwambia tuupumzishe kidogo. "Ukiutoa uyoga, nitoe na mimi," alinijibu, na hakuwa anatania.

Sasa, ile feni ya chini niliiokota kwenye kazi moja ya hotelini, na ina nguvu za punda. Ya juu ilikuwa ndogo. Kwa hiyo hema lilikuwa limevimba pande zote, limenona, na mimi nikilipita nalipigapiga ubavuni kwa kuridhika. Jioni ya Jumatatu nilishika kipande cha karatasi laini mbele ya zipu. Kikapeperukia usoni kwangu.

Nilikaa chini. Hewa iliyoingia ilikuwa nyingi kuliko iliyotoka, na ile ya ziada ilijipenyeza kwenye zipu na mishono, ikaja sebuleni. Ilikuja na vumbi jeupe ambalo uyoga uliokomaa huliachia, laini kuliko unga. Vumbi hilo nilikuwa nalifuta juu ya televisheni kila wiki huku nikimfokea mama apunguze poda yake ya kujipaka. Kosa ambalo ningemfukuzia mwanagenzi nililifanya mimi, kwenye kifua cha mama yangu mzazi. Sikumwambia mtu.

Nilibadilisha feni usiku huohuo, kubwa juu, ndogo chini, nikachezea swichi za mwendo. Nikizidisha, vyuma vinapinda na kitambaa kinagusa uyoga. Nikipunguza, kitambaa kinalegea. Mwishowe mbavu za hema zikabonyea kidogo kwenda ndani, na karatasi ikavutwa ikanata kwenye zipu. Mama alikuwa amekaa akinitazama.

Jumanne kazini nilimpigia simu kila baada ya nusu saa.

"Unakohoa?"

"Nikiongea na wewe, ndiyo."

Niliporudi, kidole changu juu ya televisheni kilitoka cheupe. Hema lilikuwa limebonyea vilevile, zipu imefungwa, karatasi inanata. Nilifungua bomba lote nikalifunga upya. Jumatano nikaziba mishono kwa gundi. Mama alikohoa wakati wa kula hadi akaacha sahani. Alhamisi kazini nilifunga kiyoyozi cha watu upande usio wake, ikabidi nikifungue tena huku mwenye ofisi amesimama nyuma yangu. Sikuwa na akili ya kitu kingine. Nilihesabu tu, imebaki kesho.

Ijumaa niliaga kama kawaida, nikafika kona ya mtaa, nikawaza kwamba sijui hema linafanya nini nikiwa sipo. Nilirudi nikasimama nje ya dirisha la sebule.

Mama alinyanyuka na mkongojo wake. Alilisogelea hema, akaligusa pale lilipobonyea, akatikisa kichwa. Kisha akashusha zipu, taratibu, kuanzia juu mpaka usawa wa kiuno. Kitambaa kikalegea. Akabaki pale, uso umeelekea kwenye uwazi, anakisugua kile kitambaa kwa kiganja.

"Haya, pumua," alikuwa akisema. "Pumua polepole. Usishindane nayo."

Halafu kikohozi kikamshika.

Niliingia mbiombio. Alishtuka, akaanza kuvuta zipu kuifunga kama aliyekutwa na sukari mdomoni.

"Mama, unafanya nini?"

"Linakosa pumzi." Alikuwa anahema. "Tangu ulivyolibadilisha, limeingia mbavu. Mimi hali hiyo naijua. Nikibanwa, wewe unanifungulia dirisha. Hili nani alifungulie?"

"Mbona hukuniambia?"

Alikaa kwanza. "Nikikwambia umekosea unanuna siku tatu. Nikaona nilisaidie ukiwa hupo, nilifunge kabla hujarudi."

Nilimalizia kufunga zipu, nikamshika mkono, nikauweka kwenye tundu la chini, nyuma ya ile feni ndogo.

"Unasikia?"

"Linavuta."

"Likiwa limebonyea ndivyo linavyopumua, mama. Lilipokuwa limevimba ndipo lilikuwa linakupulizia vumbi. Miezi mitatu. Nililifunga vibaya."

Aliacha mkono wake pale muda mrefu. "Na mimi nimelifungulia siku nne," alisema.

"Kwa sababu yangu."

Sikungoja Jumamosi. Nilimpigia dada nikamwambia aje leo, kifua cha mama kinahitaji kukaa mbali na hii sebule, na kosa ni langu kuanzia feni ya kwanza. Nadhani alikuwa ameandaa maneno ya ugomvi na hakujua pa kuyaweka.

"Nakuja," alisema.

Mama aliingia garini na begi dogo na kile kisu chake cha uyoga, sijui cha kukatia nini. Alinipa maagizo ya rafu moja baada ya nyingine. Hakunikumbatia, na mimi nilijifanya nakagua tairi.

Alipiga simu Jumanne. Mto wa dada ni mgumu, chai haina sukari, wajukuu wanawasha televisheni kabla hata hawajanawa uso, na mkwe anakoroma mchana kweupe kama mtu aliyelipwa kukoroma, na yeye mama hajaona jirani hata mmoja wa kusalimiana naye. Alisema yote hayo mfululizo. Hakukohoa. Hakukatika hata mara moja kuvuta pumzi. Nilikuwa nimesimama katikati ya sebule niliyoifuta mara tatu, machozi yananitoka, kwa sababu sauti hiyo sikuwa nimeisikia tangu nifunge lile hema, na haikuwa nyumbani kwangu.

"Sasa nirudi lini?" aliuliza.

"Bado, mama," nilimwambia. "Kaa kwanza."