Malaika wa Kutunga Uzi

Macho ya mshona nguo yalikuwa yameingia ukungu, lakini cherehani yake haikuwahi kulala. Kila asubuhi alikuta sindano kumi za mkono zimechomekwa kwenye kimto chake, kila moja na uzi wake, mweupe huku, mweusi kule. "Malaika wangu kashanitungia," alisema kila mara, kisha akasukuma kanyagio. Chumba kikasinzia kwa mlio ule, na mwanga ukaelea juu ya vitambaa kama maziwa yaliyomiminwa kwenye chai.

Siku hiyo mkwewe aliyeishi naye, muuza dawa, hakwenda dukani. Alisimama mlangoni na mkoba wake.

"Mama, daktari wa macho anaondoka leo jioni. Alisema jicho la kulia likingoja tena, ndiyo basi."

"Aende salama. Mwenye malaika wa kumtungia uzi ana shida gani na daktari?"

Mkwe akaweka mkoba chini. Kumbe wema nao ukifichwa sana huchacha.

"Mama, huyo malaika ni mimi. Naamka kabla yako, nazitunga, ndiyo naenda kazini. Nilitaka usihangaike. Sikujua utakuja kukataa matibabu."

Kanyagio likasimama. Mama mkwe akacheka hata futi kamba ya kupimia ikamdondoka shingoni.

"Malaika ananukia vitunguu! Nimejua tangu wiki ya kwanza, mwanangu. Mkono ni wako. Ila aliyekuamsha ukatunge, humjui wewe wala mimi simwoni."

"Ni kengele ya simu, mama."

"Haya. Kengele."

Vumbi la pamba lilikuwa likishuka polepole, halina haraka ya kufika chini.

"Kama ulijua, mbona hutaki kwenda?"

Mama mkwe akapapasa ukingo wa meza. "Miaka arobaini nachoma vitambaa. Leo nichomwe mimi, tena jichoni? Naogopa. Kumsingizia malaika ni rahisi kuliko kusema naogopa." Akavuta pumzi. "Niombee, nitakwenda."

"Mama, mimi mambo hayo siyaamini, unajua."

"Nimekuuliza unaamini nini? Nimekuomba dua."

Mkwe akapiga magoti juu ya vipande vya vitambaa, uso ukimwaka kwa haya. Maneno yalimtoka moja moja, kama ya mtu anayeongea usingizini. "Wewe uliyepo, kama upo, mshike daktari mkono, usitetemeke."

"'Kama upo'! Hata barua ya kuomba kazi haiandikwi hivyo!"

"Ndiyo niliyo nayo, mama."

"Basi tuichukue hivyo hivyo."

Akaifunika cherehani, akavaa viatu vya kutokea. Barabarani alimshika mkwe kiwiko, na watu wakawapita kama vivuli ndani ya maji.

Daktari alipotoka kuwapokea, mama mkwe alimwamkia kwa adabu zote. Mkwe alisahau hata salamu. Alikuwa akimtazama mikono.