Mama Mkwe Haelei

Daktari alikuwa amechomeka vidole vya miguu chini ya chuma cha ukutani ili asielee, anasafisha wavu wa feni. Kila kitu kinachopotea katika kituo cha anga huishia kwenye wavu huo: kalamu, vijiko, kucha za Nahodha. Alikuwa anavuta soksi pale iliposikika hodi kwenye mlango wa nje.

Fundi alichungulia dirishani. "Ni mama mkwe wako," alimwambia Daktari. Akamfungulia kwa utaratibu wa kawaida, mlango wa kwanza kisha wa pili, ili hewa isitoke.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mnachelewa kufungua, na huko nje kuna baridi."

Daktari, Fundi na Nahodha, wote watatu walikuwa wanaelea. Mama aliingia kwa miguu, mkoba kwapani, akakaa kando ya meza ya chakula. Kituo hakikuwa na juu wala chini. Alipokaa mama ndipo palipokuwa chini. Fundi, aliyekuwa juu ya kichwa chake, alianguka, akaomba radhi. Makombo yaliyokuwa yakizurura hewani tangu walipofika yakatua sakafuni kwa pamoja.

"Mimi sikuumbwa puto," alisema mama, akakung'uta gauni. "Mwanangu, mumeo anakula mkate mkavu tangu uondoke."

"Jiko si lipo, mama?"

"Jiko lipo. Mpishi ndiye hayupo."

Daktari akamtembeza. Alimwonyesha mfuko wa kulalia uliotundikwa ukutani kama koti, na mashine ya kukimbilia ambayo mtu hujifunga mikanda juu yake, maana asipofanya mazoezi mifupa inalegea. Akampa maji, akamweleza kwamba yanatokana na jasho na mkojo wao, yakishasafishwa. Mama akayanywa yote. "Yangechemshwa," alisema.

Mwisho akamwonyesha kazi iliyomleta. Ilikuwa miche midogo ndani ya sanduku la kioo, chini ya taa. Alitaka kujua mzizi unaelekea wapi usipovutwa na chochote. Alikuwa ameisomea kazi hiyo ujana wake wote, na mizizi ilikuwa imeanza kwenda kila mmoja na njia yake.

Kesho yake asubuhi mizizi yote ilikuwa imeelekea kwa mama.

"Mama, nakuomba ukae kule stoo."

"Nihamishwe mimi, kwa ajili ya mchicha?"

Nahodha akapiga simu duniani. Mkuu wa shughuli aliuliza mgeni ana kilo ngapi na kama anakula sana. Baada ya kikao akajibu kwamba mtu mzima hasumbuliwi, miche ingesubiri. Akaongeza kwamba kwa kuwa sasa kituo kina sakafu, lazima kiwe na mtu wa kufagia.

Nahodha akaomba mtu wa kujitolea, huku akimtazama Daktari.

"Ni mkweo," alisema Fundi. "Sisi tukishika ufagio, tutakuvunjia heshima."

Ufagio ulikuwemo kwenye mkoba wa mama, pamoja na sufuria na mabakuli. Kuanzia siku hiyo Daktari alifagia, akapika, akaosha vyombo. Nahodha na Fundi walikula wameketi, wakasema kweli hiki ndicho chakula, kisha wakaondoka wakielea. Muda wa Daktari wa mazoezi ukaisha kwenye sufuria.

Siku moja aliuweka ufagio chini. "Mama, nimesoma sana ili nifike hapa."

Mama alikuwa dirishani, anaitazama dunia ikipita.

"Najua. Mimi nilitaka kuwa rubani," alisema. "Nilimwambia mama mkwe wangu. Akasema hapana ubaya, malizia kufagia kwanza."

"Ukamaliza?" aliuliza Daktari.

"Ndiyo bado namalizia," alisema mama. Akanyoosha kidole. "Pale chini ya meza umeruka."

Daktari akainama, akafagia chini ya meza.

Muda wao ulipokwisha, walishuka kwa chombo na kutua uwandani. Nahodha akatolewa amebebwa, miguu imelegea kama kamba mbichi, akawekwa kwenye kiti na kufunikwa blanketi. Fundi naye vivyo hivyo. Daktari alitoka mwenyewe, akasimama wima. Wapimaji wakamgonga magoti, wakakuta mifupa yake ni kama ya mtu asiyewahi kusafiri.

"Alhamdulillahi," alisema mkuu wa shughuli. "Basi kwa kuwa wewe unajiweza, hebu wasaidie wenzako mizigo."

Mama alikuwa ameshafika, kwa njia zake, na waandishi wa habari walikuwa wamemzunguka.

"Yule ni mkwe wangu," aliwaambia. "Kusimama kule amefundishwa na mimi."

Wakaandika. Daktari akawapita na mifuko mitatu, mumewe akimfuata nyuma, mikono mitupu, akimuuliza kwa upole chumvi huwa anaiweka wapi.