Zima Injini, Mudrik

Hawa watu wa semina hawachoki. Wanakuja Kilindoni na kompyuta zao, wanatukalisha ukumbini sisi wenye biashara ndogo, wanatuuliza ni kitu gani kilitufanya tuanze kutunza mazingira. Mmoja atasema sheria. Mwingine atasema wageni ndivyo wanavyotaka. Mimi nikiulizwa nasema ni woga. Wanadhani natania, wanaandika "uelewa". Haya, waandike.

Naitwa Biubwa. Nina boti moja ya kupeleka wageni kuogelea na potwe, yule samaki mkubwa wa madoadoa ambaye wengine wanamwita papa shilingi. Hali mtu, anakula vidudu vya majini na dagaa, lakini ni mrefu kuliko boti yangu. Nahodha ni shemeji yangu Mudrik, mdogo wa marehemu mume wangu. Anayeingia majini kuwaongoza wageni ni Sabra, mwanangu, na sina mwingine.

Tulishafundishwa zamani: ukimwona potwe simama mbali, zima injini, wageni wamfuate wenyewe kwa kuogelea. Sote tuliitikia. Baharini hakuna aliyezima. Injini zetu ni kuukuu, ikishapata moto ukiizima inanuna, unavuta kamba mpaka bega linataka kuteguka, na wenzako huko wameshamzunguka samaki. Basi kila nahodha alikuwa anaitoa gia tu, anaiacha ingurume polepole, halafu anasema imelala. Nami nilikuwa nikisema hivyo hivyo, injini imelala, kama vile chuma kina usingizi.

Siku hiyo nilipanda mwenyewe kwa sababu Matano, baharia wetu, alikuwa na homa. Mimi na bahari hatupendani, tunafanya biashara tu. Maji yalikuwa ya kijani, mazito kama mlenda, na hayo ndiyo potwe wanayoyapenda. Ukitia mkono mpaka kiwiko vidole huvioni. Sabra akaruka na wageni wawili, mke na mume, wakamfuata samaki. Samaki akazama, na Sabra naye akazama.

Hapo ikaja boti nyingine mbio, inamkimbilia potwe huyo huyo. Mudrik akaona itatugonga, akatia gia aipishe. Tukasikia kishindo chini ya miguu yetu. Boti ikanyanyuka kidogo, injini ikakoroma kama mtu aliyekabwa koo, kisha ikaendelea kuzunguka. Nikageuka nyuma. Maji yalikuwa yameanza kuwa mekundu.

"Zima injini, Mudrik."

Mudrik akasema ikizimika pale haitawaka tena, na mkondo utatubamiza kwa wale. Mtu mzima, ndevu zimeota mvi, anaogopa. Mkono ulikuwa juu ya injini na hausogei.

"Mwanangu yuko chini. Zima."

Hakuzima. Nikamsukuma, nikachomoa kibanio chekundu cha kuzimia, ambacho kikitoka injini haiwaki. Kukawa kimya. Wale wa boti ya pili walipoona damu nao wakazima, na ndipo nilipojua kumbe inawezekana.

Kichwa cha mgeni mwanamke kikaibuka mbali. Kikafuata cha mumewe. Cha Sabra hakikuibuka. Jamani, niliogopa. Niliogopa kuyatazama yale maji, na niliogopa kuacha kuyatazama. Nikaanza kusoma Ayatul Kursi nikaisahau katikati, mimi niliyeihifadhi tangu nikiwa mtoto chuoni. Uchungu wa mwana aujua mzazi. Mimi siku ile ulinishika tumboni, pale pale alipokaa, nikainama kwa maumivu. Mkondo ukatubamiza kweli kwa wale wenzetu, ubao ukakwaruzika, basi. Hilo ndilo balaa lote tulilokuwa tukilikimbia miaka yote.

Kisha nikasikia mtu anakohoa upande wa omo, mbele ya boti. Sabra alikuwa ameishika kamba ya nanga kwa mikono miwili. Tulimvuta ndani, nikamshika miguu kwanza, nikaipapasa mpaka vidoleni, kama siku niliyomzaa. Ilikuwa mizima.

"Siyo damu yangu, mama," akasema, meno yanagongana. "Potwe alikuwa amepita juu yangu. Alikuwa kati yangu na injini."

Potwe akaibuka karibu na boti. Mgongoni alikuwa na mikato mitatu mirefu, ndani nyama nyeupe. Akaondoka taratibu na hakuna aliyempiga picha.

Nilimwambia Sabra hatii tena mguu baharini, ng'o. Akanijibu kwa upole, na jibu lake likanichoma: "Bahari haijanifanya kitu, mama. Ni sisi."

Nikaenda kwa Gerson, fundi wa kuchomelea, akanitengenezea kizimba cha chuma cha kuzungushia pangaboi la injini. Wenzangu wakacheka, wakasema Biubwa amefungia kuku chini ya boti. Boti ikawa nzito na mafuta inakunywa. Siku nyingine injini inakataa kuwaka, tunarudi kwa makasia, na wageni wananuna. Wanune. Sasa mimi hupanda kila safari, na Sabra akiruka tu kile kibanio kinakuwa kiganjani mwangu. Wageni wananisifu, wananiita rafiki wa samaki. Mimi urafiki na samaki nimeutoa wapi? Mimi ni mtu mwenye hofu, na mpaka leo haijanitoka.

Msimu uliofuata, Sabra akiwa majini na wageni, injini imezimwa, kitu kikapita chini ya boti. Kikapita kirefu, hakiishi. Kilipoinuka nikaona mgongoni makovu matatu, yameziba. Akaelea ubavuni kwetu, karibu kiasi cha kumgusa, na mwanangu alikuwa upande wake wa pili, simwoni. Nikakibana kibanio mpaka kikaniumiza kiganja. Nilitaka kumwambia samahani, nikaona ni neno dogo.

"Shikamoo," nikamwambia.

Mudrik alinisikia. Hakucheka.