Shingo ya Kifuko cha Babu Hobart

Babu Hobart alizikwa na kifuko chake cha goroli za risasi mfukoni mwa koti. Alikuwa ameagiza hivyo, na hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kumbishia akiwa hai, sembuse akiwa maiti. Gobori lake halikuzikwa. Lilibaki ukutani kwa Shangazi Ova, juu ya jiko, gumegume refu ambalo kila mtu wa bonde letu la Kentucky alilijua kwa mlio.

Tulilitaka wawili: mimi na binamu yangu Denver.

"Sitaki kelele," Shangazi alisema. "Siku ya shindano la shabaha la kugombea nyama ya ng'ombe, atakayekuja na kifuko kinachotoa goroli moja moja kama cha baba, macho amefumba, alichukue. Kifuko kinachotoa mbili kisisogee karibu na baruti yangu."

Hakuwa na haja ya kutueleza sababu. Gobori unalilisha kwa mdomo: baruti, kitambaa chenye mafuta, goroli, kisha unashindilia kwa mdeki. Goroli mbili zikiingia pamoja bila wewe kujua, mtutu unaweza kukupasukia usoni. Na kwetu kila kilichomo kwenye mkoba wa mpiga gobori ukitengeneze kwa mkono wako, au upewe na aliyekitengeneza. Cha dukani kinabaki kwenye gari.

Basi nikaketi kukichora kifuko cha babu, na mkono ukakwama. Nilikuwa nimekiona tangu utotoni, lakini sikuwahi kukitazama. Nilikumbuka tumbo lake kama pea, kizibo cha mti kilichofungwa kwa ukanda, na ule mchakacho wa risasi babu alipokitikisa. Halafu goroli moja inatua kiganjani. Moja tu. Kwa nini isiwe mbili? Swali hilo liliniuma kuliko hamu ya gobori lenyewe. Nilikuwa nikifunga matairi gereji huku kidole kinajipapasa, kinatafuta jibu hewani.

Cha kwanza nilikikata kwenye ngozi ya buti kuukuu. Nikashona nje-ndani, nikalowesha, nikakigeuza kupitia shingoni kwa mpini wa kijiko, kisha nikajaza maharage makavu ili tumbo likauke likiwa limetuna. Nikakiweka mezani kwa Shangazi, karibu na jiko. Sikufikiri kwamba ngozi iliyolowa ina maji, na maharage yana kiu. Tulikuwa tunakula mshono ulipoachia, maharage yakamwagika juu ya mkate wa mahindi.

Shangazi aliokota moja, akalitazama. "Hata maharage hayataki kukaa na wewe, Clell."

Cha pili nilikijaza mchanga, kikakauka vizuri. Shingo niliifanya fupi na pana kiasi cha goroli moja, nikaipaka nta ikawa ngumu kama kwato. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: mlango mwembamba hupitisha mtu mmoja. Nikakiinamisha. Ikatoka ya kwanza, ya pili ikiisukuma, ya tatu nyuma yao, kama watoto wakitoka shule. Nikakata kipya, nikaibana shingo zaidi. Haikutoka hata moja. Nilizichokoa kwa msumari.

Denver alinikuta kibarazani na ule msumari.

"Unazitoa meno?"

"Chako kinatoa ngapi?"

"Utaona siku yenyewe."

"Yaani mbili."

"Clell, ndugu yangu, wewe mdomo ulishonewa vizuri. Kifuko ndiyo bado." Akaondoka anacheka, na mimi nikajikuta nashona tena kwa hasira mpaka sindano ikavunjika.

Asubuhi iliyofuata nilimpelekea Shangazi ndoo zizini. Alikuwa anamkamua Pansy, ng'ombe wake wa mwisho, paji la uso amelilaza ubavuni mwa mnyama. Babu alikamua hivyo hivyo maisha yake yote. Nilisimama tu, nikitazama mkono wake, na ghafla nikajiuliza jambo ambalo mtu aliyekulia zizini haulizi.

"Shangazi, kwa nini maziwa hayarudi juu unapobana?"

"Umelewa?"

"Nijibu."

"Kwa sababu nayafungia mlango, mjinga wewe. Kidole gumba na cha shahada vinabana huku juu kwanza. Halafu hivi vingine vinasukuma kilichobaki chini." Akakamua tena, polepole, kama anamfundisha mgeni. Kisha mkono wake ukasimama kwenye chuchu. Akaniangalia.

"Baba alikuwa akikishika kifuko hivi," alisema.

"Kila siku. Mbele yetu sote."

"Na mimi nilidhani anakitikisa tu," Shangazi akasema.

Shingo haikuwa mlango. Ilikuwa chuchu. Ilitakiwa iwe laini, ndefu kiasi cha goroli mbili zikifuatana: moja ya kutoka, nyingine ya kufungiwa nyuma. Na mimi nilikuwa nimeifanya fupi, ngumu, tena nikaipaka nta kwa fahari.

Buti nililitupa. Nilitumia ngozi ya kulungu iliyolainishwa kwa kusuguliwa ubongo wa mnyama, kama wazee walivyofanya, nikaishona kwa mishono midogo, na shingo nikaikausha juu ya kijiti, nikiisugua kila mara isije ikakakamaa. Kizibo nilikichonga kwa mti wa mjozi.

Siku ya shindano Shangazi aliketi nyuma ya pikapu, gobori mapajani. Denver alianza. Kifuko chake kilikuwa kizuri, kina nakshi ya jani la mwaloni, na hilo sitamnyima. Akafumba macho. Goroli moja. Tena moja. Mara ya tatu zikaanguka mbili, moja ikabingirika hadi kiatuni kwa Shangazi.

"Hiyo ya pili ni ya nani?" Shangazi akauliza.

Denver akainama kuiokota.

Nikafumba macho. Nikainamisha, nikabana juu, nikasukuma chini. Moja. Moja. Moja. Shangazi alinifanya nirudie mpaka kifuko kikabaki kitupu. Kisha nikausikia uzito wa gobori mikononi mwangu.

Ningependa kusema nilishinda robo ya ng'ombe. Kwetu robo nne ni zawadi nne, ya tano ni ngozi na mafuta, na ya sita ni risasi zilizozama kwenye gogo la shabaha. Mimi nilipata ya sita. Denver, kwa bunduki yake ya kila siku, alibeba paja la nyuma.

Nilikuwa nimepiga magoti nachimbua gogo kwa kisu alipokuja kuchutama kando yangu. Hakuleta dhihaka. Alikuwa anakitazama kifuko kiunoni mwangu.

"Niambie tu. Kuna nini humo ndani?"

"Goroli."

"Clell."

Nikakifungua ukanda, nikamwekea kiganjani. Akakigeuza, akachungulia shingoni, akapapasa mshono. Hakuona kitu, kwa sababu hakikuwepo cha kuona.

"Mara ya mwisho kukamua ilikuwa lini?" nikamuuliza.

Alikunja uso. Halafu vidole vyake vikaanza kujikunja vyenyewe.