Mto Uliotoka ni wa Nani

Ukishindwa kitendawili unatoa mji. Mimi utotoni nilitoa miji mingi. Kasulu niliitoa, Kibondo niliitoa, hata Dar es Salaam ambayo sijaiona mpaka leo, wala sikuumia. Mji ulioniuma ni ule alioutaka mkwe wangu Generosa mwaka huu.

Tulikuwa nyumbani kwa mwanangu Japhet, mimi nimetoka Makere, Generosa ametoka Mabamba, wote tumekuja kumtunza mzazi. Yusta, binti yake Generosa, alikuwa amejifungua mjukuu wetu wa kwanza. Jina ndilo halikuwepo. Mimi nilitaka aitwe Niyonkuru, jina la marehemu mume wangu. Generosa alitaka Ndayisenga, jina la baba yake. Japhet na mkewe walituogopa wote wawili, wakawa wanamwita Mtoto tu.

Jioni moja tulikuwa uani tunamenya muhogo, kila mtu kanuna na kisu chake. Nikaona nitege.

"Kitendawili."

"Tega."

"Wawili wameingia mlangoni, ametoka mmoja."

Generosa hakuinua hata kichwa. "Mito miwili ikikutana. Hicho hata mbuzi wanakijua. Sasa mimi nakuuliza, huyo aliyetoka ni nani?"

"Mto wa kwetu. Nani asiyejua?"

"Wa kwenu, mkwe? Wa kwenu unaingia kwa wa kwetu kama jirani aliyekuja kuomba chumvi."

"Umeuona?"

"Wewe umeuona?"

Basi, hakuna aliyeuona. Tumezeeka tunakunywa maji ya mito hiyo, kila mmoja wa kwake, na pale inapokutana hatujawahi kupafika.

"Nipe mji," akasema.

"Sijashindwa. Twende tukaone."

"Twende. Ila Kasulu sitaki, na Kibondo ninayo. Atakayeshindwa atoe jina la mtoto."

Yusta alikuwa mlangoni ananyonyesha. Alitutazama, akamhamishia Mtoto titi la pili. Nikasema haya.

Kesho yake pikipiki mbili zikatufikisha chini ya kilima kinachotazama makutano ya mito, ambacho watu wa mjini hupanda kupiga picha. Tulipanda polepole, tukipumzika kila penye jiwe la kukalia, na kila tukipumzika Generosa aliniuliza kama mto wa kwetu nao huwa unachoka hivi.

Juu kuna mwamba ulio wazi. Tulipofika ukingoni tukasahau kugombana.

Mto wa kwetu ulikuja kushoto, mwekundu kwa udongo wa mashamba. Wa kwao ulikuja kulia kutoka msituni, mweusi, umetulia. Nilidhani ikikutana itachanganyika kama chai na maziwa. Wapi! Iliingia pamoja, ikaenda bega kwa bega, wekundu huku, weusi kule, na katikati mstari kama mshono wa vitenge viwili.

"Haitaki kugusana," Generosa akanong'ona.

"Kama sisi."

Akacheka mpaka akakaa chini.

Mbele zaidi mto uliingia kwenye mafunjo mengi, ukapotea, ukatokea tena baada ya kona. Nikasema tutazame pale: maji yakiwa mekundu, aliyetoka ni wangu. Nilisema kwa kujiamini, maana udongo wa konzi moja huchafua ndoo nzima.

"Macho yangu hayafiki kule," Generosa akasema. "Tazama wewe, uniambie."

Nikaweka kiganja juu ya macho, nikatazama. Nikapangusa macho, nikatazama tena. Maji yaliyotoka kwenye mafunjo yalikuwa meusi. Yale mafunjo yalikuwa yameuchuja udongo wetu wote kama kitambaa kinavyochuja togwa.

Jina la mume wangu lilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi. Na mwenzangu kakaa juu ya jiwe, uso ameuelekeza kusiko, ananingoja.

"Ni meusi," nikasema.

Akanigeuzia uso. "Unanihurumia, kwa sababu sioni."

"Nikuhurumie wewe?"

"Sichukui jina la huruma. Nishike mkono, tushuke."

Tukashuka upande wa pili, kwa njia ya wachunga ng'ombe, mimi mbele, yeye kanishika bega, mpaka kwenye ile kona. Alipiga magoti, akachota maji kwa kiganja, akayaleta karibu kabisa na macho. Akayageuza kwenye mwanga. Akayanywa.

"Ni yetu," akasema. Halafu akaonja tena, polepole. "Ila yana ladha nisiyoijua."

Nami nikachota. Kweli, nyuma ya ubaridi wa msitu kulikuwa na udongo wa nyumbani, kidogo tu.

Sikumwambia. Nilitoa simu, nikampigia Yusta, naye akaitika upesi kama mtu aliyekuwa ameishika mkononi.

"Mama, vipi huko?"

Generosa alinyoosha mkono aipokee, lakini nilikuwa nimeshaanza.

"Tuko salama, mwanangu. Eti, Ndayisenga amelala?"