Waridi Lenye Kovu

Kalibu la plastiki la mawaridi ya chokoleti lilikuwa na kovu, na aliyelitia kovu ni Kijiko. Jikoni wote walimwita hivyo kwa sababu kijiko hakikumtoka mdomoni. Siku zake za mwanzo alimimina chokoleti kwenye kalibu, akalitia kwenye friji, na subira hana. Chokoleti ikiganda vizuri hujibandua yenyewe. Ukipindua kalibu, mawaridi yanadondoka. Yeye akayachokonoa kwa kisu, moja moja. Lo! Tangu hapo kila waridi lilitoka na mstari ulioinuka kwenye petali, na dada yake, fundi wa kupamba keki, ikawa kazi yake kuukwangua.

"Umeniongezea kazi, mtoto wewe!" Dada alikuwa akimgombeza.

"Na mimi nimejiongezea chakula." Na hapo kiganja kishakingwa, kushoto kwa dada yake, na kila kilichokwanguliwa kinaishia tumboni.

Kisha Kijiko akapata kazi ng'ambo, akaenda zake. Mwanzoni alipiga simu kila jioni, baadaye mara mojamoja, baadaye kimya. Dada aliwaambia watu mdogo wake kabanwa na maisha, akageuza uso. Wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Lakini la Kijiko lilikuwepo! Kila asubuhi Dada alilikuta pale kwenye petali, akalikwangua, na siku ikasogea.

Leo Bosi kaingia na kalibu jipya, meno yote nje.

"Dada, kukwangua basi! Lile bovu nimelitupa, gari la taka limeshapita nalo."

"Ahsante, Bosi."

Angesema nini? Kwamba anataka kulilia kipande cha plastiki?

Akamimina chokoleti, akaligongagonga kalibu mezani mapovu yatoke, akalitia kwenye friji, akangoja. Mawaridi yakadondoka laini, yanang'aa. Akashika la kwanza, na kisu kikaenda chenyewe kwenye petali ile ile. Hakikukuta kitu. Kikakata petali.

"Sasa unakwangua nini?" Bosi akashangaa. "Si safi hilo?"

"Safi," Dada akasema. "Safi mno."

Bosi alipotoka kwenda kwa mteja, Dada alilivuta kalibu jipya, akaweka ncha ya kisu ndani ya tundu la waridi moja, akakwaruza. Bosi atafoka, na afoke. Akamimina tena, akangoja tena, mpaka waridi likatoka na kovu lake.

Akalikwangua polepole. Vijipande vikajikusanya juu ya kisu, naye akakipeleka kisu kushoto, kama zamani, akakishikilia hapo.

"Haya, kinga basi," akasema.

Vijipande vikadondoka sakafuni.